Usimwimbie Ng'ombe Anayechechemea

Mwanangu Kemilembe,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, kwa sababu sasa hivi tu nimekuona ukipanda bodaboda na mama yako kwenda Igurwa kumuaga bibi, mnacheka nyote wawili, na mimi mmeniacha hapa barazani na kazi moja: kuangalia ng'ombe wasiingie kwenye migomba. Ng'ombe wametulia. Kwa hiyo naandika. Jua bado liko juu, na nikijaliwa mtarudi mkute nimemaliza na barua nimeitia kwenye begi lako, chini ya lile sweta.

Mambo ya sweta sitayagusa. Wala ya chakula, wala ya kusali, wala ya kupiga simu ukifika. Mama yako ameyasema yote, na akirudi atayasema tena. Mimi nataka kukueleza habari ya ng'ombe wetu Bihogo na habari ya mguu wangu. Utasema, "Taata, si nilikuwepo?" Ulikuwepo. Lakini uliyaona kwa upande wako na kwa simu yako. Upande wangu hujausikia, maana mimi ni hodari wa kusimulia mambo ya ng'ombe na mvivu wa kusimulia yangu.

Nianze mbali kidogo. Bibi yake Bihogo alitoka Kyerwa, kwa wazazi wa mama yako. Walitupa mtamba yule tulipooana, ili binti yao asikose maziwa kwenye nyumba ya mume, na mimi nikatumwa kwenda kumchukua kwa miguu. Babu yako, baba yangu, aliniambia neno moja tu kabla sijaondoka: "Mchungaji hukaa nyuma." Nikasema ndiyo, baba. Lakini nilipofika njiani na mtamba yule mwekundu wa kahawia, na watu wakawa wanasimama kando ya barabara kumtazama, kukaa nyuma kulinishinda. Nilitangulia mbele, kamba begani, naimba majina ya sifa ya ng'ombe niliyokuwa nimeyatunga mwenyewe, kila kijiji naongeza moja. Nilipofika hapa Kihanga, babu yako alitoka nje, hakunitazama usoni, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya mtamba na kuinama. Jiwe lilikuwa limeingia kwenye kwato tangu sijui wapi. Mnyama alikuwa amechechemea njia nzima nyuma yangu, na mimi njia nzima naimba.

Babu yako hakunipiga wala kunitukana. Alisema, "Umemwimbia vizuri," akaenda kuchota maji ya kumwosha mguu. Afadhali angenipiga.

Ungedhani mtu aliyepatwa na hayo amejifunza. Basi ngoja.

Bihogo alipoanza kuchechemea msimu huu wa mvua, barabara ilikuwa tope tupu na pikipiki ya bwana mifugo haikuweza kufika. Akanipigia simu akasema, "Mzee, mchukue video akitembea, unitumie, nitamwangalia hukuhuku." Wewe siku hiyo ulikuwa Kayanga. Mama yako akasema tukungoje. Mimi nikasema kupiga video ni kazi ya kungojea msomi? Nikamwosha Bihogo. Nikampangusa pembe kwa mafuta mpaka zikang'aa. Nikasimama mbele yake, nikamkabidhi mama yako kamba, nikanyanyua simu, na kwa kuwa nilitaka aje kwangu, nikamwita kwa majina yake yote: mwekundu wa kilima, binti wa Kyerwa, usiyeogopa mto. Bihogo akasikia. Akainua kichwa, akatega masikio, akaja kwa madaha kama anakwenda harusini. Nikatuma video nimeridhika kabisa.

Bwana mifugo akajibu: "Mzee, ng'ombe huyu ni mzuri sana. Mgonjwa yuko wapi?"

Uliporudi nikakuonyesha. Nakumbuka ulivyojikaza usicheke, kisha ukashindwa, ukalia kwa kucheka pale jikoni, mama yako naye akakusaidia. "Taata, umepiga pembe! Kwato ziko wapi?" Nikaitazama tena ile video. Ni kweli. Pembe zimeenea pande zote za kioo, shingo ipo, kidevu kipo, na chini ya magoti hakuna kitu. Nikakuuliza kwa hasira kidogo: nani hupiga picha ya ng'ombe akaacha pembe? Huku kwetu ukimwonyesha mtu picha isiyo na pembe atakuuliza ng'ombe yuko wapi. Ukaniambia mguu ndio unaougua, pembe haziumwi.

Kesho yake ukaifanya kazi ile upya, na mimi nikawa mfanyakazi wako. Ukachagua pale mbele ya ghala, ardhi ngumu, tambarare, isiyo na majani marefu. Ukasema kamba niiache ilegee, nisimshike kichwa, maana kichwa ndicho kinachosema. Ukasema tutembee mwendo wa kawaida, kwenda na kurudi, wewe uchukue kwa mbele, kwa nyuma, kisha kwa ubavuni, mnyama mzima aonekane kuanzia pembe, ukanionea huruma hapo, mpaka kwenye vumbi linalokanyagwa. Halafu ukatoa amri mbili. Ya kwanza: "Taata, usiimbe." Ya pili: "Weka fimbo chini, inamtisha."

Kuacha kuimba nilikubali kwa shida. Kuacha fimbo, mwanangu, kulinichoma moyo. Nitakueleza kwa nini.

Jioni tukakaa kwenye benchi tukiangalia. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba mguu mbovu ni wa mbele wa kushoto, kwa sababu kila ukikanyaga kichwa kilianguka chini. Ndio mguu niliokuwa nikiukanda kwa maji ya moto tangu mwanzo, na maskini Bihogo akanivumilia. Ukaichezesha video polepole, ukaweka kidole kwenye kioo. "Angalia, Taata. Mguu mbovu ukigusa chini anainua kichwa kuupunguzia uzito. Mzima ukigusa ndipo anakishusha, anapumzika." Nikatazama mara ya kwanza nikabisha. Mara ya pili nikaona mwenyewe. Mguu ulikuwa wa kulia. Maisha yangu yote niko na ng'ombe, na sikuwahi kuona kwamba mnyama hushusha kichwa pale anapopata nafuu. Niliona raha kukiona kitu hicho nikichungulia juu ya bega lako. Sikuona aibu hata kidogo, nataka ulijue hilo.

Tukatuma. Bwana mifugo akaturudishia sauti yake, na nyote mliisikia: "Sasa hapo sawa. Mguu wa mbele wa kulia, nadhani chini kwenye ukwato. Barabara ikikauka nakuja. Na huyo mzee anayemvuta, mguu wake umeanza lini?"

Mama yako akacheka. Mimi nikacheka kuliko yeye. Wewe hukucheka. Ukaichukua simu ukairudisha video mwanzo, ukaicheza polepole tena, safari hii hukumtazama ng'ombe.

Sasa upande wangu ni huu. Goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuuma kabla ya Bihogo. Lakini huku kwetu mwanaume kushika fimbo si habari. Nani atamshangaa mchungaji aliyeegemea fimbo yake? Nilikuwa naegemea kweli, na wewe ulikuwa ukinisalimu "shikamoo, Taata" ukapita. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, pale panaponiuma zaidi, nilikuwa naimba. Ukimsikia mtu anaimba humwangalii miguu. Nilijua hivyo tangu Kyerwa, nami nikautumia ujuzi huo kwenu.

Sikuogopa maumivu. Niliogopa mguu wa babu yako. Wewe ulikuwa mdogo, labda unamkumbuka akiwa na magongo tu. Yeye alianza na kidonda kidogo kidoleni, akakifunga kitambaa, akavaa buti juu yake, hakumwambia mtu. Kumbe ni sukari. Kilipokuja kujulikana, mguu uliondoka. Mtu yuleyule aliyeniambia mchungaji hukaa nyuma hakuruhusu yeyote kukaa nyuma yake. Basi goti langu lilipovimba nikajiambia, ndiyo hiyo, imenifikia. Na wakati huohuo ndipo ilipokuja habari yako ya kazi ya farasi kule Arusha. Nikajiambia nitanyamaza mpaka upande basi. Ukishafika huko, waukate wakitaka.

Ukasema, "Siendi."

Hukupaza sauti. Uliweka simu kwenye benchi, kioo chini, ukasema hivyo tu, ukaenda kufungia ndama. Mama yako akanigeukia. "Mawe, mama wee! Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na ng'ombe, shukuru." Halafu naye akaanza kulia. Sijawahi kujiona mjinga kama jioni ile. Nilificha mguu ili uende, na kuficha kwenyewe ndiko kulikokufanya ukatae. Ungebaki hapa mwaka hadi mwaka ukinitazama magoti, na kila mara ningekuona ukimkamua Bihogo ningejua ni mimi niliyekufungia zizini.

Nilikubali kwenda hospitali kwa sababu hiyo tu. Unisamehe, sikwenda kwa ajili ya afya yangu.

Ulikuwa umekaa kwenye benchi la nje yule daktari aliponiita, kwa hiyo sehemu hii hukuiona. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukuambia kwamba mguu unakatwa. Alinipima damu, akanipiga picha ya goti, akaibandika kwenye taa, akasema: "Mzee, goti limechakaa na limejaa maji kidogo. Sukari huna. Kidonda huna." Nikamwuliza, "Mguu unabaki?" Akanitazama kama nimemwuliza kama kichwa kinabaki. "Utaenda wapi? Unabaki. Utatembea na fimbo, utafanya mazoezi haya, utapunguza vilima." Kemilembe, nilimshika yule kijana mkono kwa mikono yangu miwili nikashindwa kuuachia. Nikamwambia ana akili sana. Akasema ni goti tu, mzee. Nikatoka nje nikakukuta umejikunja na mfuko wa vyeti vyangu vya hospitali, na kabla sijasema lolote ukawa umeshajua. Uliniambia baadaye umejua kwa kichwa. Kilikuwa chini, kimepumzika.

Njia nzima ya kurudi niliongea. Unakumbuka? Niliongea habari za kahawa, za mchungaji wa usharika na mahubiri yake marefu, za nani kafa kule kijiji cha Ndama, mpaka mama yako akaniuliza kama daktari amenichoma sindano ya maneno. Ni wepesi wa moyo tu ulionishika. Hata leo bado ninao. Naamka asubuhi, mguu unauma, nami nafurahi kwamba ni goti.

Bihogo naye alifika mwisho wake mwema. Bwana mifugo alipokuja alifungua ukwato pale pale ulipoonyesha, usaha ukatoka, akafunga, na leo yuko pale chini anakula majani kama hakuna kilichotokea.

Na ni yeye bwana mifugo aliyekuwa chanzo cha safari yako, wala usimsahau. Kabla ya haya yote ulikuwa umempelekea video za mbuzi na ng'ombe wa jirani, naye akampa mama mmoja daktari wa farasi aliyesoma naye. Mama yule akataka kujua aliyezipiga. Akakuletea farasi wake kwenye simu, wanakwenda na kurudi kwenye ardhi ngumu, kwa mwendo ule ulio kati ya kutembea na kukimbia, akauliza: yupi mgonjwa na mguu upi? Nilikaa nawe nikijaribu. Farasi mimi sijamwona kwa macho, namjua wa kwenye Biblia na wa kwenye televisheni. Pembe hana. Nilikuuliza mwenye farasi hujivunia nini, nawe umekazana kutazama. Ukamjibu yule mama mguu kwa mguu, na pale ambapo hukuona ukamwandikia, "Huyu sijamwona vizuri, naomba video nyingine kwa nyuma." Nadhani ni jibu hilo ndilo lililokupa kazi. Wangapi huandika "sijaona"?

Sasa kuna jambo nimelifikiria tangu siku ya hospitali, na ndilo hasa lililonikalisha hapa.

Likizo ile ya kidato cha pili ulirudi umekonda. Mimi sikuona kukonda. Niliona ripoti yako, umekuwa wa kwanza. Nikaalika watu. Kila mgeni aliyefika nilikuita: njoo usalimie, Kemilembe, waambie umekuwa wa ngapi. Jumapili nikamwomba mzee wa kanisa akupe somo la kusoma, ukasimama mbele ukasoma bila kukosea, kichwa juu. Nikakupa majina kama niliyompa yule mtamba. Na wewe kila nilipokuita uliinuka ukaja vizuri, unatabasamu. Ni mama yako aliyekukuta nyuma ya migomba unalia hata kupumua huwezi, ndipo akajua kwamba bweni zima halikuwa likiongea nawe tangu mwanzo wa muhula, na kwamba ulikuwa unakula peke yako, siku nyingine huli kabisa. Tulikuhamisha shule, yakaisha, hatukuyazungumza tena.

Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui ya tembo. Ya mtoto nimeyaona: akisifiwa sana hufunika kidonda. Sifa zangu ndizo zilizokufanya uinue kichwa. Nilikuwa mbele yako na kamba begani, naimba. Mama yako alikaa nyuma.

Sisemi niliacha kukupenda vizuri. Nilikupenda kwa kelele, hivyo tu. Na sikuandikii ili unihurumie, goti linatosha. Nakuandikia kwa sababu huko uendako utakutana na wenye farasi wanaompenda mnyama wao mpaka hawamwoni. Watampiga brashi, watamvalisha, watamwita kwa sauti ile, naye atainua shingo na kwenda vizuri mbele ya simu yako. Usiwakasirikie. Baba yako ni mmoja wao. Waambie polepole walegeze kamba na wanyamaze, kama ulivyoniambia, na kile kicheko ukifiche kidogo.

Na wewe mwenyewe, ukitupigia simu, usije kwetu kwa madaha. Ukiwa mpweke huko, ukikuta hawaongei nawe, au ukiona kazi imekushinda, sema. Mimi nitajizuia nisikusifu kwanza. Itaniwia vigumu, unanijua, na hapa kijijini nitakusifu kwa kila anayepita, hilo siwezi kulizuia na sijaribu. Lakini kwenye simu nitauliza halafu nitanyamaza, nikusikie unavyokanyaga. Nikisahau nikaanza kuimba, niambie, "Taata, weka fimbo chini." Nitaelewa.

Naisikia bodaboda yenu inapanda. Ng'ombe mmoja ameingia kwenye migomba wakati naandika haya, mama yako atasema, na atakuwa na haki.

Kesho nitakusindikiza mpaka pale njia inapoingia barabara kuu. Mama yako anataka nibaki nyumbani nipumzishe goti, nimekataa. Ukishapanda, mwambie dereva asimame pale kwenye kona, ugeuke unitazame nikipanda kurudi nyumbani. Kile kilima unakijua, ndicho kinachosema ukweli. Toa na simu ukitaka, na upige miguu. Fimbo nitaiegemea waziwazi na sitaimba. Utaniona nachechemea kidogo. Ni hicho hicho kidogo tu, mwanangu. Hakuna kingine nilichoficha, nenda.

Taata wako